Samaki Wetu wa Kwanza Alikuwa Mratibu

Mimi ni mtu wa ng'ombe. Nilizaliwa Masisi, kwenye vilima ambako mtoto anajua majina ya ng'ombe wa baba yake kabla hajajua majina ya wajomba zake. Nyumbani kwetu maziwa yalikuwa chakula, na samaki alikuwa aina fulani ya mdudu. Mama yangu aliwahi kuona sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wamemwagwa kwenye gunia sokoni Sake. Akauliza kwa heshima kabisa kama ni dawa ya minyoo. Kwa hiyo siku nilipojikuta ndani ya mtumbwi nikivuta wavu, mwanamke mzima, mwalimu wa darasa la tatu, nilijua kwamba kanisa linaweza kumfikisha mtu mahali ambapo hata vita imeshindwa.

Vita ilikuwa imenifikisha Goma tu. Waasi waliotawala mji wakati ule walisema wametukomboa. Waliowatangulia nao walikuwa wametukomboa. Tulikombolewa mara nyingi hivi kwamba tukisikia neno hilo redioni tulikuwa tunafunga mlango na kuficha sufuria.

Kisha mlima nao ukaamua kushuka. Moto wa volkano ya Nyiragongo ulipita karibu na Munigi, ukakanyaga uwanja wa ndege, ukaingia mjini, ukagawa Goma sehemu mbili na kwenda kuzima kiu yake ziwani. Sisi tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, tukiwa na magodoro kichwani. Tuliporudi, shule niliyofundisha ilikuwa chini ya mawe meusi ambayo bado yalichoma nyayo. Kanisa letu lilikuwa limebakiza kipande cha ukuta upande wa madhabahu. Mabenchi, ngoma za kwaya, nguo za ubatizo, vyote vilikuwa vimekwenda. Kitu pekee kilichookolewa kanisani kilikuwa ubao.

Ubao ule ulikuwa wa mratibu wetu wa uinjilisti. Alikuwa ameenda semina Uganda, akarudi kupitia mpaka wa Bunagana na cheti, suti ya rangi ya maziwa, na ubao mweupe wa kukunjwa wenye miguu mitatu. Siku ya moto mke wake alibeba watoto, yeye akabeba ubao. Alilisimulia jambo hilo kila Jumapili kama ushuhuda wa uaminifu wake. Mke wake alikuwa anasikiliza huku ameangalia chini, na nadhani alikuwa na ushuhuda wake mwingine.

Tulikuwa tunasali chini ya turubai la msaada, juu ya mawe ya volkano. Mratibu alisimamisha ubao mbele yetu na kuchora samaki mwenye uso wa mtu. Chini yake akaandika maneno manne: Tafuta, Vutia, Nasa, Hesabu. Alitufundisha hivyo wiki nyingi. Watu walikuwa wamepoteza nyumba, tumbo tupu, hawajui kesho watalala wapi. Yeye alisema huo ndio msimu mzuri, kwa sababu samaki aliyechoka hashindani na wavu.

Mchungaji wetu, mzee mpole asiyependa ugomvi, siku moja alitania tu. Alisema kwa Kiswahili chetu cha Goma, "Ndugu zangu, munafundishwa kuvua batu, lakini hapa hakuna hata mumoja aliyewahi kuvua samaki."

Sote tulicheka, isipokuwa mratibu. Yeye aliandika juu ya ubao: Mafunzo ya Vitendo.

Basi ndivyo tulivyopelekwa ziwani, watu watatu tuliokosa kazi na visingizio. Alikuwamo mratibu mwenyewe, rafiki yangu mama wa kwaya, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na mimi. Mratibu alitutafutia mwalimu, mvuvi mmoja kutoka kisiwa cha Idjwi. Alikuwa mwanamume mjane wa makamo, mwenye kifua kipana na mdomo mpana zaidi. Mvuvi alikubali kutufundisha, mradi tumsaidie kuvuta na kushona nyavu. Mratibu aliniambia pembeni, kwa sauti ya siri, kwamba mpango wake ni kumnasa mvuvi mwenyewe awe samaki wa kwanza.

Usidhani tulipata mtaalamu. Papa yule, kama tunavyowaita akina baba kwetu, alijisifu kutoka pwani mpaka katikati ya maji na kurudi. Kwa maneno yake, hakuna mtu kutoka Goma hadi Bukavu aliyejua ziwa kama yeye. Siku nyingi alitoa nyavu zenye majani, sandali moja, na samaki ambao paka wangu angewatazama na kuwaonea huruma. Hapo alilaumu mwezi, au upepo, au sisi. Mara nyingi alitulaumu sisi.

Asubuhi ya kwanza jua lilikuwa limeanza kupanda upande wa Gisenyi. Niliingia mtumbwini kwa magoti, nikashika kingo mbili kama mtu anayezikwa hai. Mama wa kwaya alianza wimbo wa kututia moyo. Mvuvi akamkatiza.

"Mama, samaki hana haja ya kujua kama tumefika."

Mratibu aliona mlango umefunguka. Alikuwa na mtu ambaye hajaokoka, ndani ya mtumbwi, asiyeweza kuondoka. Kwa mwinjilisti wa aina yake hiyo ilikuwa kama sikukuu. Akakohoa.

"Papa, nikuulize kitu kimoja. Ukikufa leo, utaenda wapi?"

Mvuvi aliendelea kuvuta kamba. "Leo?"

"Ndiyo, leo hii!"

"Nikikufa leo, papa, ni weye utapiga kasia. Kwa hiyo uliza vizuri: batatu hawa bataenda wapi?"

Nilikaza macho yangu kwenye maji ili nisicheke. Mratibu hakutaka kushindwa mbele ya wanafunzi wake. Alisimama ili atoe jibu, akainua mkono kuelekea mbinguni kama alivyozoea mbele ya ubao. Lakini ubao una miguu mitatu na mtumbwi hauna hata mmoja. Ulilalia upande wa kushoto, na mratibu akaingia Ziwa Kivu na suti yake ya rangi ya maziwa, mkono ungali juu.

Mvuvi alimshika kwenye mkanda wa suruali na kumrudisha ndani kwa mvuto mmoja. Alimtazama jinsi anavyotapika maji, kisha akatugeukia sisi wawili.

"Mumeona? Mukubwa namna hii munavuta polepole, asipasue wavu."

Jumapili iliyofuata mratibu alishuhudia kwamba Bwana amempitisha katika maji mengi. Hakusema maji yalimpitia wapi. Alitangaza pia kwamba mafunzo ya vitendo yamekamilika na kwamba yeye amefaulu. Mama wa kwaya na mimi tuliendelea kwenda ziwani. Ningependa kusema ni kwa sababu ya wito. Ukweli ni kwamba shule yangu ilikuwa jiwe, na mvuvi alikuwa anatugawia samaki wa kula.

Ndipo nilipogundua kwamba semina nzima ya Uganda ilikuwa imesahau sehemu kubwa ya uvuvi, yaani kushona. Wavu unapasuka kila siku. Unapasuliwa na mawe, na matawi, na sasa ulipasuliwa pia na vipande vya volkano vilivyozama karibu na pwani. Tulikaa chini na sindano ya mti na uzi wa nailoni, tundu baada ya tundu, mpaka vidole vikauma. Mvuvi alikagua kazi yangu akaniuliza kama nilikuwa nashona wavu au kikapu cha viazi. Nilifumua nikaanza upya. Nilifumua mara nyingi. Kuna siku nilikaa asubuhi nzima nikimchukia mratibu kwa kila fundo, na hiyo nayo ilikuwa njia ya kumwombea, kwa kuwa jina lake halikunitoka mdomoni.

Wakombozi wetu hawakuweza kutuacha tukae kwa raha. Askari wa uasi walikuwa wanashuka pwani asubuhi na kuchukua samaki wazuri. Waliita huo mchango. Mvuvi alikuwa anawapa huku akiwatukana kwa lugha ya kisiwani kwao, kwa tabasamu kubwa, na wao walifikiri anawabariki. Lakini asubuhi moja hawakutaka samaki. Walitaka mtumbwi, wapeleke masanduku yao mahali fulani upande wa Sake.

Mvuvi alisema, "Chukua samaki. Chukua nyavu. Mutumbwi huu nilichonga na mikono yangu."

Safari hii aliwatukana kwa Kiswahili, na walielewa kila neno. Walimpiga kwa vitako vya bunduki mbele yetu. Mama wa kwaya, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alipiga kelele mpaka wanawake wote waliokuwa wanafua pwani wakakimbilia pale, na nadhani hiyo ndiyo iliyomwokoa. Askari walipakia masanduku yao wakaondoka na mtumbwi. Mvuvi alibaki mchangani, mkono wa kulia umevunjika.

Tulimpeleka kwenye kituo cha afya, na baadaye tukawa tunaenda kwake. Alikuwa anaishi kwenye kibanda cha mbao karibu na maji. Tulimpikia ndizi na maharagwe, akalalamika kwamba watu wa Masisi hawajui chumvi. Tulishona nyavu zake, ingawa hakuna aliyejua zitatupwa kutoka mtumbwi gani. Siku kadhaa zilipita hivyo. Kisha akaniuliza:

"Mwalimu. Mbona hamuniulize tena nikikufa nitaenda wapi? Leo nimekaribia kabisa."

Nilimwambia kwamba swali lile lilikuwa la mratibu, na mratibu yuko bize.

Aliukagua wavu niliokuwa nashona bila kulaumu hata fundo moja, na kwake yeye jambo hilo lilitisha kuliko mkono uliovunjika. Kisha akatuambia kwamba zamani alikuwa anasali. Mke wake alipofariki, mhubiri alisimama kando ya kaburi na kuwaomba wanaotaka kuokoka wainue mikono. Watu waliinua. Mhubiri alifurahi, akawahesabu, akamshukuru Mungu kwa mavuno ya siku ile.

"Bibi yangu iko ndani ya shimo," alisema, "na yeye anahesabu mikono. Nilitoka pale, sikurudia tena."

Mama wa kwaya alilia waziwazi. Mimi niliona aibu kwa niaba ya ubao mweupe na kila kilichoandikwa juu yake. Mwalimu akikwama husimulia hadithi. Nikamsimulia ile ya wanafunzi wa Yesu waliovua usiku kucha bila kupata kitu, siku chache baada ya bwana wao kuuawa na kufufuka. Nikafika pale mtu mmoja pwani anapowaambia watupe wavu upande wa pili.

"Na bakatupa?" aliuliza.

"Wakatupa."

"Muvuvi wa kweli hawezi. Mutu haumujui, amesimama kwenye inchi kavu, anakufundisha kazi yako? Hawa balikuwa bamechoka sana."

Nikaendelea. Wavu ukajaa, na mwanafunzi mmoja akatambua ni nani aliye pwani. Mwenzake mwenye haraka aliposikia, akavaa nguo yake na kujirusha majini.

"Ngoja. Alivaa?"

"Ndiyo, Papa."

"Alivaa nguo, njo akaruka mu maji?" Mvuvi alicheka mpaka akashika mkono wake mbovu kwa maumivu. "Huyo ni ndugu ya mratibu wenu!"

Alitaka niendelee. Nilimwambia kwamba walipofika pwani walikuta moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Mvuvi aliacha kucheka.

"Samaki alitoka wapi? Si baliokuwa nao ni bao?"

"Sijui. Alikuwa nao tayari."

"Na bado akabaambia balete yao?"

"Ndiyo."

Aliangalia nje ya kibanda, mahali mtumbwi wake ulipokuwa unafungwa zamani. Hakusema ameguswa, wala hakuomba tuombe. Alisema maharagwe yamepoa.

Wakati huo mratibu alikuwa anaandaa mkutano mkubwa. Watu waliounguliwa nyumba zao walikuwa wanaishi kwenye mahema upande wa Mugunga, pamoja na wengine waliokimbia mapigano ya Masisi. Mratibu alikodi gari, jenereta na vipaza sauti vyenye kimo cha mlango. Mama wa kwaya na mimi tuliitwa kuimba. Alihubiri juu ya moto. Aliwahubiria watu waliounguliwa nyumba juu ya moto, kwa saa nzima, akiwaeleza jinsi moto unavyochoma, kama vile wao hawakuwepo.

Mwishoni alifuta jasho na kufikia neno la nne la ubao wake. Akapaza sauti:

"Nani hapa anataka kupokea? Anayetaka kupokea, ainue mukono!"

Mikono yote ilipanda. Wazee waliinua, watoto waliinua, mama mmoja aliinua wa kwake na wa mtoto aliyekuwa mgongoni. Mpita njia na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alisimama akainua naye. Mratibu alikaribia kuzimia kwa furaha. Alianza kuhesabu, midomo ikichezacheza.

Mzee mmoja wa mbele akauliza, "Papa, tupange mustari wapi?"

"Mustari wa nini, muzee?"

"Wa kupokea. Ni maharagwe ao ni blanketi?"

Mratibu alijaribu kueleza. Alisema ni neema. Walimuuliza neema ni kilo ngapi kwa familia. Kadiri alivyoeleza, ndivyo watu walivyosogea kuangalia nyuma ya gari, na walipoona kuna jenereta tu, sauti zikaanza kupanda. Hawakumpiga mtu. Walikuwa wamechoka tu kudanganywa. Lakini mratibu alirukia garini, dereva akawasha, na vipaza sauti vikaondoka vikining'inia. Mama wa kwaya na mimi tulibaki katikati ya mahema, katika sare zetu za kwaya za rangi ya machungwa, bila mahali pa kujificha.

Mwanamke mmoja alituita kwenye hema lake. Nilitambua lafudhi yake mara moja, mtu wa vilima vyetu. Alitukalisha juu ya jeriken na kutupa uji uliopikwa kwa biskuti za msaada, ambao ndio chakula pekee alichokuwa nacho. Mume wake alikuwa ameuawa na askari njiani wakikimbia, na hakupata nafasi ya kumzika. Aliyasema hayo huku akikoroga uji. Alitucheka kidogo kuhusu mkutano. Sisi tuliokwenda kuwavua tulikula uji wake tukarudi Goma kwa miguu.

Nilimsimulia mvuvi kila kitu. Nilitegemea atacheka, na alicheka, lakini si sana. Aliuliza yule mama wa uji alikuwa na watoto wangapi. Wiki iliyofuata alikopa sambaza kwa mvuvi mwenzake, akatafuta kijana wa chukudu apakie sufuria, mafuta na makaa, na akatangaza kwamba anakwenda Mugunga. Hakutuomba tumfuate, lakini nani angekaanga?

Tuliwasha moto mbele ya hema la yule mama. Watu walikuja kwa sababu ya harufu. Sambaza hawakutosha kumshibisha kila mtu, ila kila mtu alilamba vidole. Mvuvi, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa, hakuweza kukaa kimya mbele ya umati hata kama angelipwa. Akaanza kuwasimulia ile hadithi. Aliwatukana wanafunzi tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliwaonyesha jinsi wavu wao ulivyotupwa vibaya. Alipofika kwa yule aliyevaa nguo ili aogelee, aliigiza kwa mkono mmoja, na watu ambao nilikuwa sijawaona wakicheka walijishika mbavu. Mimi nilikuwa nageuza samaki kwenye mafuta, nikifikiri kwamba semina haikuwa na jina la kitu hiki.

Alipomaliza, yule mama wa uji hakuwa anacheka. Alinigeukia mimi, akauliza kwa lugha yetu ya nyumbani, kisha akarudia kwa Kiswahili ili mvuvi asikie.

"Huyo mutu aliyewapikia. Naye alikuwa ameuawa na askari?"

"Ndiyo," nilisema.

"Na hawa aliowapikia, siku ya kumuua balikuwa wapi?"

Mvuvi alinitazama. Sehemu hiyo sikuwa nimemsimulia.

"Walikuwa wamekimbia," nilisema. "Karibu wote."

"Akarudi, akabapikia."

"Ndiyo, Mama."

Alisogeza makaa kwa kijiti. Mtoto wake alikuwa anavuta kitenge chake. Mwishowe alimwambia mvuvi, "Papa, sema tena. Lakini sasa usichekeshe."

Na mvuvi akasema tena. Alisema polepole, akatafuta maneno, akakosea mahali fulani, na habari ya samaki juu ya makaa akaisema mara mbili. Hakuna aliyeinua mkono na hakuna aliyeulizwa.

Tulirudi Mugunga mara nyingi. Mkono wa mvuvi ulipona ukiwa umepinda. Mtumbwi haukuonekana tena, akaanza kufanya kazi kwenye mtumbwi wa mwenzake, akiulalamikia kila ubao wake. Kanisani alikuja siku moja, akakaa nyuma, akaona mahubiri ni marefu, akatoka kabla ya mwisho. Miezi iliyofuata alikuja tena, akatoka baadaye kidogo. Mratibu aliandika ripoti kwamba mafunzo yake yamezaa matunda Mugunga, akaalikwa semina nyingine, ya ngazi ya juu.

Yule mama wa uji ndiye aliyeanza kuwakusanya wanawake jioni mbele ya hema lake, waombe na kuimba. Siku moja nilifika bila yeye kuniona, nikamkuta anawasimulia hadithi ile. Alikuwa ameihamishia Sake. Wanafunzi walikuwa na mtumbwi wa motori, na motori ilikuwa imekufa. Pwani, kando ya moto, yule aliyefufuka alikuwa ameweka pia kibuyu cha maziwa, kwa wale ambao hawali samaki.

Nilikaa chini nyuma ya wengine, nikasikiliza. Sikumsahihisha.